Mkalimani wa Jaji Wairagala

Mnaniuliza habari za jaji. Mnaandika historia.
Andikeni basi: alikuwa mrefu, hakustahimili chai baridi,
alikuja Tororo kwa baiskeli kutoka Budaka
na vitabu vyake vya sheria kavifunga kwa kamba ya mgomba.
Serikali ilimpa kiti, joho na kengele ya shaba.
Kengele ilikuwa na ufa. Haikulia, ilikohoa.

Hakula rushwa. Hilo liandikeni kwa wino mzito.
Jogoo aliyeletewa usiku alimrudisha asubuhi
pamoja na stakabadhi.

Mimi nilisimama kushoto kwake miaka tisa.
Yeye Mugwere, washtakiwa Wapadhola,
kazi yangu kumeza lugha yao na kutema Kiswahili,
Kiswahili cha boma, cha askari na reli,
chenye amri nyingi na pole chache.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Vumbi la saruji
lilikuwa limetua hadi kwenye kidau, wino ukawa uji.
Waliletwa ishirini na wawili wa kodi ya kichwa.
Wa kumi na saba aliitwa Oketcho,
jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa.
Alisema polepole, akiviangalia vidole vya miguu yake:
ng'ombe niliyemtegemea amekufa Jumamosi,
ngozi yake bado mbichi, nimeiwamba uani,
ikikauka nitaiuza, nitalipa, nipeni wiki mbili.
Maneno mengi. Saa nane ilikuwa imepita,
tumbo langu lilikuwa na kesi yake.
Nikamgeukia jaji: "Anasema hana."

Hana.
Silabi mbili.
Jaji akaandika. Miezi sita.
Kengele ikakohoa.

Oketcho akapasua mawe chini ya Mwamba,
na kokoto zake zikamwagwa kwenye sakafu ya mahakama mpya
tuliyoivulia viatu, tukausifu ubaridi wake.

Kisha upepo ukageuka. Joho likabaki msumarini,
Wairagala akavaa kofia ya chama,
akapanda juu ya pipa la lami pale sokoni
kuomba kura.
Nami kushoto kwake, kama kawaida,
nikiwafasiria "uhuru" watu niliowafunga.

Mkono ukainuka katikati ya umati.
Ulikosa kidole cha shahada; nyundo ilikichukua.
Akauliza kwa Kiswahili, mali pekee aliyotoka nayo gerezani:
"Mheshimiwa, ile ngozi imekauka. Niilete wapi?"

Watu walicheka, wakamdhani mlevi.
Jaji hakucheka. Aligeuka kushoto.
"Siku ile," akaniuliza, "alisema nini?"

Nilikuwa na lugha tatu kinywani
na zote zikanikataa.
Mwishowe nikasema: ng'ombe. Alisema ng'ombe amekufa.

Akashuka pipani. Hakuomba radhi,
sidhani majaji hufundishwa.
Alimuuliza tu ng'ombe alikuwa wa rangi gani.
"Wa kijivu," akajibu Oketcho. "Pembe moja imepinda."
Jaji akatikisa kichwa kwa muda mrefu
kama mtu aliyewahi kumwona ng'ombe huyo.
Hotuba haikuendelea.

Alishinda; tarehe mnayo, sina haja nayo.
Huko barazani, nasikia, wenzake walipigania barabara,
pamba, vyeo, bendera iwe na ndege gani.
Yeye alisimama mara moja:
kila mkalimani aapishwe,
na maneno ya mshtakiwa yaandikwe kwanza
kwa lugha ya mama yake.
Akajibiwa kwamba hoja ni nzuri, itafikiriwa.
Nadhani bado inafikiriwa.

Mimi hakunifukuza. Laiti angenifukuza.
Aliniletea chai, ya moto, siku alipokabidhi ofisi,
akaniambia, "Wewe ulikosea neno moja.
Mimi sikuuliza la pili."

Haya. Kalamu chini.
Sasa nisomeeni mlichoandika, taratibu,
tangu mwanzo.
Nataka nisikie nimesema nini.